Plau la Sahani Tatu

Plau la sahani tatu liliingia uani kwa Mwanabaraka siku ya sabini na tatu ya eda yake. Wanaume sita walilishusha garini wakihema na kulaaniana, na walipolibwaga chini, vyombo vilivyokuwa juu ya kichanja vikalia. Kitu kilichowatoa jasho wanaume sita, Fikirini alitaka kivutwe na trekta dogo la marehemu kaka yake.

Mwanabaraka aliyaona yote kupitia dirisha la chumbani. Mumewe, Saadi, aligongwa na lori pale Bungu, akazikwa siku ileile kabla ya alasiri, na tangu hapo yeye alikuwa ndani. Miezi minne na siku kumi, hakuna kuvuka kizingiti. Maalim Mohamedi, aliyekuja kumweleza masharti, alisema wazi kwamba mchana, penye dharura, mjane akitoka hana kosa. Lakini nyumba ile ilikuwa na sharia zake, na maalim wake alikuwa Fikirini.

"Siku utakayokanyaga nje kabla ya eda kwisha," Fikirini alimwambia wiki ya kwanza, mbele ya wazee wawili, "ndiyo siku umejitoa mwenyewe katika ukoo huu. Utafunga mzigo wako urudi milimani kwenu. Trekta ni mali ya ukoo, na ukoo haumpi mali mwanamke aliyemdharau marehemu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wazee wa aina hiyo huitikia lolote wakishakunywa chai ya mtu.

Trekta lenyewe halikuwa la ukoo hata skrubu moja. Nusu yake ilikuwa jasho la Saadi, na nusu nyingine ilikuwa ufuta wa Mwanabaraka, misimu mitatu mfululizo, ndiyo maana kadi ilikuwa na majina mawili. Kadi hiyo alikuwa ameishonea ndani ya mto anaolalia. Trekta likichukuliwa au likivunjwa, basi hana mume, hana mtoto, hana shamba kwao, na hana kazi nyingine anayoijua kama ile. Hilo Fikirini alilijua kuliko anavyozijua sala zake.

Na ili mjane asitoke, alikuwapo Bi Waride, mama yao Saadi na Fikirini. Alitandika mkeka wake mlangoni tangu siku ya mazishi, akawa anakula pale, anasali pale, anasinzia pale. Hakumpenda Mwanabaraka tangu alipoletwa kutoka milima ya kusini, na miaka sita ya ndoa bila mtoto haikumlainisha. Kila asubuhi ya eda alimtazama tumboni, kisha akatema mate kando.

"Mama," Mwanabaraka alimwambia asubuhi hiyo, "mwambie mwanao plau lile si la trekta letu."

"Mwambie weye. Una mdomo mpana kuliko mie."

Basi akamwita mwenyewe dirishani. Fikirini alikuja taratibu, mikono mfukoni, kama mtu aliyeitwa na mdeni wake. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele Ikwiriri, mtu wa saa kubwa mkononi na maneno makubwa mdomoni, na tayari alikuwa amewaahidi watu wa huko kuwalimia eka arobaini kabla mvua hazijakaza. Kwa trekta gani? "Trekta langu," aliwaambia.

"Shemeji," Mwanabaraka alisema, "trekta hili ni la nguvu ya farasi ishirini na tano. Plau hilo limetengenezewa trekta la farasi sabini. Na udongo wetu ni mfinyanzi, si mchanga. Uzito wake ni karibu nusu ya trekta lenyewe. Ukiliinua tu, pua itakuwa nyepesi, usukani hautashika kitu."

"Umeyasoma wapi hayo?"

"Kwenye kiti chake. Misimu minne nimelima nalo."

Fikirini akacheka, akageuka ili wenzake nao wacheke. Wakacheka. "Mmesikia? Kaka alifunga sahani mbili kwa sababu dereva wake alikuwa mkewe." Akalisukuma kwa mguu plau dogo la Saadi lililoegemezwa ukutani. "Hili ni jembe la kike. Trekta limezoeshwa uvivu, na leo nalizoesha kazi."

Mwanabaraka alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Maji ya kifuu bahari ya chungu, alitaka kumwambia, lakini mtu asiyejua kwamba yeye mwenyewe ni chungu humwambii methali ikamwingia. Akasema jambo analoweza kuliona kwa macho.

"Haya, tazama ile mikono ya kuinulia. Yatazame matundu yake. Pini za plau lako haziingii. Waliolitengeneza trekta hili hawakuwa wajinga. Waliyafanya matundu madogo makusudi, ili mtu kama wewe asifunge jembe la namna hiyo."

"Mtu kama mimi," Fikirini alisema, "ana grainda."

Na kweli alikuwa nayo, imekuja na jenereta lake. Huo ndio ugonjwa wetu watu wa huku: kitu kisipoingia hatuulizi kwa nini hakiingii, tunaita fundi akichonge. Cheche ziliruka nusu saa nzima. Pini nene kama kishikio cha mchi zikachongwa kuzunguka, zikapungua, zikapungua tena, mpaka zikapita kwenye matundu yale madogo. Bi Waride alinyoosha shingo kutoka mkekani, akamsifu mwanawe kwa ufundi. Mwanabaraka alihesabu moyoni chuma kilichomwagika chini kama unga, akajua kuwa kilichobaki ndicho kitakachobeba mzigo ule wote.

Fikirini alipanda, akawasha, akavuta leva ya kuinulia. Haidroliki ikalia kama mbuzi anayekokotwa. Plau likanyanyuka kiganja kimoja kutoka ardhini, na matairi ya mbele yakanyanyuka nayo.

Mtu mwenye akili angeshuka hapo, akafungua, akaenda kunywa uji. Fikirini aliita uzito. Alimwita Shaban, ambaye mwili wake ni magunia mawili ya mpunga, na Huseni, ambaye ni gunia moja lakini halina woga, akawaambia wakae juu ya boneti. Wakapanda wakicheka, miguu ikining'inia juu ya taa. Pua ikashuka.

"Umeona?" Fikirini alisema kuelekea dirishani. "Sayansi."

"Shaban, shuka hapo! Una watoto wewe!"

"Tulia, shemeji," Fikirini alidakia. "Mwombee mumeo."

"Fikirini, basi nisikilize hili moja tu." Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Pale penye dungu la zamani la kulindia ndege, upande wa mtaro, kuna kisiki. Mafuriko yamekifukia, hakionekani. Saadi alikuwa anakikwepa. Ukilima moja kwa moja utakipiga."

Fikirini akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, moshi ukajaa uani, maneno ya mwanamke yakamezwa humo. Lakini aliyasikia. Mwanabaraka aliona jicho lake likigeuka, na akaona likirudi. Hakuwa kiziwi, alikuwa na kiburi, na kiburi hakina sikio.

Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, na dirisha lilitazama mbele. Kuanzia hapo Mwanabaraka hakuwa na macho, alikuwa na masikio tu. Alikaa kitandani, mgongo ukutani, akasikiliza.

Injini ile alikuwa akiijua kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani kwake. Sahani mbili zikishika mfinyanzi sauti hushuka kidogo, hutulia, kisha huenda hivyohivyo mpaka mwisho wa shamba. Leo haikutulia. Ilishuka, ikashuka tena, ikawa inagugumia, tairi za nyuma zinazunguka palepale, halafu Fikirini anaongeza mafuta na kuachia klachi ghafla, trekta linaruka hatua mbili na kukwama. Kila alivyoachia klachi namna ile Mwanabaraka alikandamiza mguu kitandani, kama anayeikanyaga yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na trekta la mwenzio pia.

Alimchukia. Tuseme ukweli, maana mjane naye ni mtu: alimchukia Fikirini kwa chuki safi isiyo na mchanganyiko. Akaanza kumwombea dua mbaya, ardhi immeze yeye na sahani zake tatu, kisha akaikatisha dua katikati. Fikirini na trekta walikuwa mahali pamoja. Kimoja kisingeweza kumezwa kikabaki kingine.

Sauti ilisogea taratibu kuelekea upande wa mtaro. Mwanabaraka akasimama.

Kwanza chuma kiligonga. Haukuwa mgongano wa jiwe. Ulikuwa mgongano wa kina, mzito, wa kitu chenye mizizi. Injini ikazimika. Kimya kidogo, watu wakacheka huko shambani. Ikawashwa tena. Ikapandishwa mafuta mpaka ikapiga kelele, klachi ikaachiwa, halafu ukasikika mwanya ambao hakuwahi kuusikia katika misimu minne, mwanya wa matairi ya mbele yakiwa hewani, na baada yake kishindo cha pua kurudi chini. Shaban akapiga yowe. Halafu tena: mafuta, mwanya, kishindo. Mwanya wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza.

Bi Waride aliinua kichwa pale mkekani. "Ule mlio wa nini?"

Mwanabaraka alikuwa amesimama mbele yake, kanga ya eda kichwani.

"Ni wa mwanao wa pili," alisema.

"Unasema nini, mchawi weye?"

"Plau limeshika kisiki, halitoki. Trekta haliwezi kwenda mbele, kwa hiyo linapanda juu. Akiachia klachi mara mbili tatu hivyo litapinduka kinyumenyume, na kiti kitakuwa chini ya chuma chote. Nimemwambia. Umesikia nikimwambia."

Yule mama aligeukia upande wa shamba. Nje mafuta yakapandishwa tena. Mwanya. Kishindo. Sauti ya Fikirini ikasikika ikiwakaripia waliokaa mbele: "Kaeni vizuri, nyie wanawake!"

Bi Waride alianza kunyanyuka, akaishia kushika fremu ya mlango. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa siku ile ya lori. "Nenda," alisema.

Na hapa wengine wangemsifu Mwanabaraka kwamba alikimbia. Hakukimbia. Alisimama palepale, miguu ndani ya kizingiti, akamtazama mkwewe machoni kwa mara ya kwanza baada ya siku sabini na tatu.

"Niende wapi, mama? Mimi niko eda."

"Nenda, nimekwambia!"

"Nikitoka, nani amenitoa?"

"Mwanabaraka!"

"Sema."

Pua ilianguka tena kule nyuma, na safari hii Huseni pia alipiga yowe.

"Nimekutoa miye!" Bi Waride alisema. "Miye Waride, nimekutoa. Nenda!"

Hapo ndipo alipokimbia. Alizunguka nyumba bila viatu, kanga ikamvuka mabegani, akaingia kwenye tope la mfinyanzi mpaka vifundoni. Watu waliokuja kutazama maajabu ya plau jipya walimwona mjane akija, wakafungua midomo. Trekta lilikuwa limejichimbia mashimo mawili nyuma, plau limezama mpaka kwenye fremu, Shaban amekumbatia bomba la moshi bila kujali moto wake. Fikirini alikuwa amekanyaga klachi, jasho linamtiririka, mkono uko kwenye mafuta, anajiandaa kuiachia. Hakumwona shemeji yake mpaka mkono wake ulipopita chini ya usukani, ukakamata kishikio cha kuzimia injini, ukakivuta mpaka mwisho.

Injini ikafa. Shamba zima likasikia chura mtaroni.

Shaban aliteleza kutoka boneti, akakaa matopeni, akaangalia kiganja chake kilichobabuka. "Alhamdulillahi," alisema, na hakusema utani wowote.

Fikirini alishuka kwenye kiti. Alipofungua mdomo, hakutoa shukrani. Mtu aliyeokolewa mbele za watu na mwanamke aliyemcheka asubuhi hana njia nyingi za kutokea, naye alichagua ile mbaya kuliko zote.

"Mmeona!" alipaza sauti. "Wote mmeona! Siku sabini na tatu, kaburi la kaka yangu halijaota hata nyasi, na mwanamke huyu yuko shambani, kichwa wazi, miguu wazi! Amejitoa mwenyewe. Wazee wamesikia nilivyosema. Amejitoa!"

"Nimetolewa," Mwanabaraka alisema. Alikuwa akihema. "Muulize mama."

Bi Waride alikuwa ndiyo kwanza anafika, fimbo mkononi, mkono mwingine umeshika ubavu. Watu wakampisha. Alimtazama mwanawe, mzima, amesimama, anafoka. Alimtazama mkazamwana. Fikirini ndiye aliyebaki kumlisha, na Fikirini ndiye aliyekuwa na hasira.

"Mama, wewe ndiwe uliyemtoa huyu?"

"Mie," Bi Waride alisema, macho chini, "nilikuwa nimesinzia. Sikumwona akitoka."

Mwanabaraka alihisi kitu kikikatika ndani yake, na cha ajabu ni kwamba baada ya kukatika hakikuuma. Siku sabini na tatu alikuwa amefunga mdomo, amefunga mlango, amekula chakula cha mwisho baada ya watu, ili asipate lawama. Na lawama imekuja vilevile, imemkuta shambani.

"Basi," alisema. "Kama nimeshatoka, nimetoka."

Akajifunga kanga kiunoni. "Huseni, nipe nyundo."

Huseni akampa. Pini ya kulia ilikuwa imepinda kama kidole cha mtu mwenye jongo, pale palipokuwa pamechongwa pakawa pembamba, na ufa umeshaanza. Aliigonga mpaka ikatoka, akaitupa miguuni kwa Fikirini. Akatoa ya kushoto. Akaufungua mkono wa juu. Plau la sahani tatu likabaki palepale limeng'ang'ania kisiki chake, na trekta, lilipotuliwa mzigo ule, likashuka pua lenyewe.

"Hulipeleki popote!" Fikirini alisema, akashika tairi, kama mtu anaweza kushika tairi.

"Kadi ina jina langu. Ulijua, ndiyo maana uliniogopesha kwa kizingiti." Akawasha.

Alitoka kwenye yale mashimo kwa gia ndogo, bila kuruka, akaenda uani, akarudi nyuma hadi kwenye jembe la kike. Mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kisha wa juu, kama Saadi alivyomfundisha. Pini ziliingia kila moja mahali pake, bila nyundo na bila grainda. Alipoliinua, matairi ya mbele hayakutikisika.

Akarudi shambani. Fikirini alisimama mbele ya mstari, mikono kiunoni. Mwanabaraka hakupiga honi wala hakusema neno. Alishusha plau mita kumi kabla yake, sahani zikashika, sauti ya injini ikashuka kidogo kisha ikatulia, na trekta likaja kwa mwendo uleule wa mtu anayetembea. Mita tano. Mita tatu. Fikirini alisogea. Alisogea kwa kuruka, kusema kweli, na kiatu kimoja kikabaki.

Mfinyanzi uligeuka upande mmoja, mweusi, unang'aa. Alipokaribia dungu la zamani aliinua plau, akakizunguka kisiki na lile dude lililokishika, akashusha upande wa pili, akaendelea. Wale watu walishawahi kuyaona mapito yale. Saadi alikuwa akiyapita hivyohivyo, akiinua na kushusha mahali hapohapo. Mtu mmoja akaguna. Bi Waride, aliyekuwa amesimama mwisho wa shamba akiegemea fimbo, aliziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Mwanabaraka aligeuza, akarudi na mstari wa pili. Alipofika kichwani mwa shamba, Bi Waride alikuwa hatua nne kutoka kwake, machozi yanashuka, midomo inacheza.

"Miye ndiye niliyemtoa," alisema.

Mwanabaraka alisikia. Injini ndogo ile haina kelele ya kumziba mtu masikio hatua nne. Lakini hakuizima. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sisikii, mama. Injini."

"Nimesema, miye ndiye niliyemtoa!"

Shaban na Huseni wakageuka. Wale waliokwisha anza kuondoka wakasimama.

"Sema tena. Fikirini yuko mbali."

Fikirini alikuwa amechuchumaa kando ya plau lake, pini iliyopinda mkononi, kiatu kimoja mguuni. Yule mama alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akajaza kifua hewa, akainua fimbo, na sauti ya uzee ikapasuka juu ya shamba lote mpaka ng'ambo ya mtaro.

"Miye Waride ndiye niliyemtoa! Nilimtoa kwa kinywa changu, akuokoe weye! Nami nilisema uongo!"

Fikirini aliinamisha kichwa. Mwanabaraka hakusema ahsante. Alishusha plau, akaachia klachi taratibu, akaanza mstari wa tatu.